Jina Lililo Ukingoni mwa Medali

Matema, Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Neno hilo nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha libaki. Tangu niolewe nyumbani kwako sijawahi kukuita hivyo, wala vinginevyo. Nikiwa na neno na wewe nilimwambia mama mkwe, naye akakufikishia. Mama akiwa shambani nilimtuma Tumpe. Na Tumpe alipokuwa bado hajajua kusema, niliuambia ukuta, kwa sauti ya kutosha, nikijua uko upande wa pili. "Chai iko tayari," nauambia ukuta. Ukuta unakohoa. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo.

Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike pale chini ya migomba, na mimi ndiyo kwanza nina mengi ya kukwambia. Mwalimu akistaafu hanyamazi, anahamia kwenye daftari. Basi nimekaa kibarazani na daftari, mama amelala kidogo ndani, na nitakuandikia kila kitu kwa utaratibu, maana mambo yaliyotokea baada ya wewe kuondoka ni yako kuliko yetu.

Nianzie kwangu, kwa sababu kosa lilianzia hapo.

Mimi ni mtu wa Singida, hilo unalijua. Serikali ilinipangia shule ya huku nikaja na begi moja na godoro, nikidhani nitakaa miaka miwili. Nikakutana na Ambokile mwanao. Siku niliyoletwa nyumbani, mama alinikalisha jikoni akanipa sheria. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hamsalimii. Hali chakula alichobakisha. Wakikutana njiani, mkamwana anaacha njia, anaingia migombani na kujifunika khanga mpaka apite. Na jina la baba mkwe halitamki kabisa, hata likiwa ni jina la mtu mwingine.

Wenzangu waliozaliwa huku walikuwa wameshaanza kulegeza. Niliwaona wakiwasalimia wakwe zao kanisani, wengine wakipanda nao gari moja kwenda Ipinda. Lakini wao walikuwa kwao. Mimi mgeni niliogopa. Nilisema moyoni, wasije wakapata la kusema kwamba binti wa Singida hakufunzwa kwao. Nikaishika sheria ile mpaka nikawapita wenyewe. Unajua darasani nilikuwa na mtoto mwenye jina kama lako? Nilimwita "wewe wa dirishani". Mwaka uliofuata alihamia mlangoni, nikaendelea kumwita "wewe wa dirishani". Amemaliza darasa la saba bila mwalimu wake kumtaja jina hata siku moja. Siku hizi ni baba wa watoto wanne, na bado tukikutana sokoni ananicheka.

Lakini hatukuwa wageni, wewe na mimi. Nilikufahamu kwa mlio wa fimbo yako. Ulikuwa unaigonga kwenye mawe ya njia ya kisimani ili nijue unakuja nisipate shida ya kukimbia na ndoo kichwani. Asubuhi nilikuta samaki aina ya mbasa amening'inizwa kwenye mlango wa jiko langu kwa kamba ya mgomba, na hakuna aliyesema ametoka wapi. Kakao zikiiva, uliacha mbili tatu zilizopasuliwa kizingitini ili watoto wanyonye ule utamu wa mbegu. Nilipougua malaria mbaya ile ya masika, nilikusikia nje ya dirisha ukimwambia Tumpe, "Mwambie mama yako asife." Tumpe akaja kunieleza kwa heshima zote, "Babu anasema usife." Nilicheka huku natetemeka.

Na jioni nilipokuwa nikiandaa masomo ya historia, nilikuwa na tabia ya kuyasoma kwa sauti. Nikaanza kusikia kigoda kikiburutwa nje, upande wa pili wa ukuta. Nikajua umekaa kusikiliza. Nikaanza kusoma polepole, na pale penye Kiingereza nikafasiri, ingawa ndani ya chumba nilikuwa peke yangu. Nilikupenda, Baba. Hilo halikuwa na mjumbe wa kulibeba, ndiyo maana nalisema leo.

Sasa nije kwenye medali.

Unakumbuka mwaka ule mto Lufilyo ulipofurika mpaka maji yakaingia kwenye nyumba yenu kubwa. Wewe na Ambokile mlikuwa mnaokoa mpunga. Mama alinibebea vitu vya chumbani kwenu nivianike kwangu kwa kuwa pako juu kidogo: mablanketi, Biblia, koti lako, na kopo moja la bati lililofungwa kwa kitambaa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kopo. Nikafungua. Nikakuta kipande cha madini cha mviringo, cheusi tii, kina nyuzi mbili tatu za utepe ulioozea pale juu. Nikakisugua kwa majivu na ndimu. Upande mmoja ukatokea uso wa mwanamke wa Kizungu mwenye ushungi, na maandishi kumzunguka. Upande wa pili watu wanapigana msituni. Nilikuwa mwalimu wa historia, nikajua ni medali ya vita ya wakati wa yule malkia wa Waingereza.

Nikaigeuza ubavu. Ukingoni, pale pembeni ambapo mtu hapaangalii, palikuwa na herufi ndogo zilizochongwa. Nilizisoma mara moja tu, kwa macho, midomo imefungwa. Lilikuwa jina lako.

Sikushangaa hata kidogo, na hapo ndipo ninapojilaumu. Nilijua umerithi jina la babu yako. Kwa hiyo nilisema, aha, babu yake huyu mzee alipigana vita vya Waingereza, na wenyewe wanajua. Mama aliporudi nikamuuliza, "Mama, hiki ni cha nani?" Akajibu bila kuniangalia, "Cha wazungu. Kikaushe ukirudishe kwenye kopo." Nikadhani anamaanisha kimetengenezwa na wazungu. Nikakikausha, nikakifunga, nikarudisha. Miaka ikapita ishirini na kitu. Sikuwahi kukitaja tena, maana kukitaja ni kukaribia jina, na jina nilikuwa nalikwepa mpaka ndotoni.

Nyinyi nanyi hamkuniambia. Nani anamwambia mkamwana aibu ya nyumba?

Nimekuja kuambiwa ukiwa umeshazikwa. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga, asubuhi, tunamenya ndizi mimi na wifi yangu Atupele. Akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Leo wanakitoa kile kitu cha babu. Kaka atampelekea yule mzee wa Kizungu aliyeko kwenye nyumba ya wageni, ameahidi kuwatafuta wenyewe." Nikamuuliza kitu gani, na wenyewe ni akina nani. Ndipo Atupele akaweka kisu chini akanieleza.

Akaniambia babu yenu alikuwa Mkisi, kabila la wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, kijana wa kuvusha vyungu kwa mtumbwi kwenda kuuza ng'ambo, upande wa Karonga. Safari moja hakurudi. Wakamlilia, wakamaliza. Baada ya miaka akatokea kwa miguu, amevuka mto Songwe, amevaa koti la Kizungu, na kopo la bati mkononi. Hakusema alikuwa wapi. Watu wakaona mwenyewe ana makovu ya moto kuanzia viganja mpaka viwiko. Wakaona kila Jumamosi anasugua kibaraza chake kwa mchanga na maji, anasugua mpaka udongo unang'aa. Usiku, wakasema, anaweweseka akiita kuni. Basi wakaunganisha. Kwamba kulikuwa na baharia wa Kizungu aliyekufa kwenye meli ya vita, na babu yenu akamvua koti na pambo lake akiwa maiti, kisha akamchoma kuficha. Makovu ni laana. Kibaraza anasugua damu. Kuanzia hapo, kila mtoto aliyekufa katika ukoo huu, kila mtumbwi uliopinduka, watu walijua sababu.

"Ndiyo maana baba alikataa uzee wa kanisa mara tatu," Atupele akasema. "Alisema mjukuu wa mtu aliyeibia maiti hawezi kushika sahani ya sakramenti. Akamwachia kaka usia kwamba kitu hiki kirudishwe kwa watoto wa mwenyewe, ndipo yeye apumzike."

Ndizi ilinitoka mkononi. Baba, miaka yote ile! Ulikuwa umekaa upande wa pili wa ukuta, na mimi upande huu nina jibu.

Nilimwambia Atupele, "Kile kitu si cha mzungu. Kina jina ukingoni." Akaniuliza jina la nani. Nikachukua ndizi nyingine nikaendelea kumenya. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyechoka na msiba. Lakini alikwenda kumwambia Ambokile, na Ambokile akamwambia mdogo wako, Baba Mdogo, aliyekuwa ameshika kopo mbele ya wazee.

Nikaitwa. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kanisa, wazee wa ukoo, majirani, na wazee wawili wa kanisa. Hao majirani ndio walewale ambao baba zao walisambaza yale maneno. Mimi nikapiga magoti pembeni, khanga usoni. Baba Mdogo akauliza, "Mwalimu, unasema kuna jina?" Nikasema lipo. "La nani?" Nikavuta khanga zaidi. Nilitaka kuzama ardhini. Minong'ono ikaanza, na nikasikia mama mmoja akisema taratibu, "Anataka tu kibaki nyumbani."

Ambokile akainuka aisome mwenyewe. Nikashusha pumzi. Baba Mdogo akamzuia. Akasema, "Wewe ni mtoto wa humu. Ukisoma wewe, kabla hatujala chakula watasema umejisomea unachotaka. Asome mtu asiye wa damu yetu. Huyu alitoka Singida, hana babu hapa. Na nusu ya mliokaa hapa yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Mwalimu asome, kwa sauti, wote wasikie."

Alikuwa na haki kabisa. Maneno yaliyotukana nyumba yetu yalisemwa kwa sauti, na ya kuisafisha yalipaswa kusemwa kwa sauti. Na mtu pekee ambaye wangemwamini ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kulitamka jina hilo. Niliangalia kama mama ataniokoa. Mama alikuwa ameinama, anachora kitu chini kwa kidole.

Nikawaza, nikinyamaza, mzungu anaondoka Jumanne na medali mkononi, na ukoo wangu, maana ni ukoo wa watoto wangu, umekiri wenyewe wizi ambao haukufanyika. Nikisema, nimevunja mwiko juu ya kaburi bichi. Nikafikiria hasira yako kama ungekuwepo. Halafu nikafikiria lile kopo limekaa chumbani kwako miaka yote, na wewe unalala nalo.

Nikashusha khanga. Nikavaa miwani. Nikaomba ndimu na majivu, nikasugua ubavu wa medali pale pale, polepole. Nikaiinamisha kwenye jua. Nikasoma.

"Kasebele," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, sauti ya darasani. "Kasebele. Mchochea moto. Na hapa ni jina la meli."

Nikasoma mara ya pili, na mara ya tatu nikawaonyesha herufi moja moja kwa ncha ya mwiba, kama ninavyofanya kwa watoto wa darasa la kwanza. Yule mzee mkubwa wa kanisa akaja na miwani yake, akatazama sana, akageuka kwa wenzake. "Jamani," akasema, "mzungu gani anaitwa Kasebele?" Watu wakacheka, Baba. Kwenye matanga yako watu walicheka, na Baba Mdogo akacheka huku machozi yanamtiririka hadi shingoni. Ambokile alitoka nje akasimama kwenye kakao, akawa anakuita baba kwa Kinyakyusa, "Tata, Tata."

Mimi nilibaki na kosa langu. Nikasogea kwa magoti hadi kwa mama, nikamwambia anisamehe, nimemtaja, niko tayari kwa lolote watakalosema wazee. Mama akanitazama kama mtu asiyeelewa.

"Nikusamehe nini? Si alishakufungulia?"

Nikamuuliza amenifungulia lini.

"Kuku je?" akasema. "Yule kuku mweupe niliyekuletea Tumpe alipoota meno. Ulimla bure?"

Nilimkumbuka yule kuku. Alikuwa mkubwa, nilimtia nazi. Ambokile alikuwa Mbeya kikazi, nikamla na mwalimu mwenzangu, Tumpe nikamlambisha mchuzi, na nikatuma shukrani kwa kupitia mama, "Ndaga fijo," nikajiona nimejitahidi kweli kwa Kinyakyusa.

Ndipo mama akanieleza, mbele ya wote, kile ambacho kila mtu pale alikuwa anajua. Kwamba kwenu mkamwana akishazaa na mtoto akaota meno, baba mkwe anamtumia kuku hai. Zamani walitoa ng'ombe. Mkamwana anampika, anakata kidari, anakiweka kwenye sahani, anakileta mwenyewe kwa mkono wake na kumsalimia baba mkwe. Siku hiyo mwiko umeisha, wanaishi kama baba na binti. Hakuna aliyenieleza, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu anajua kila kitu.

"Alikaa hapo kibarazani siku nzima," mama akasema. "Amevaa shati la kanisani. Mpaka jua likazama. Halafu akaingia ndani akavua shati, akasema, 'Hataki. Msimuulize, ana haki yake.' Akatukataza."

Nimeandika mistari hiyo kisha nimeweka kalamu, nimekwenda hadi migombani ulipolala. Nisamehe, nimerudi.

Sikukukataa, Baba. Sikujua. Nilikuwa jikoni kwangu hatua thelathini kutoka kwako, nashiba, nikidhani nimepewa zawadi ya uzazi. Ningekuja na kile kidari ungeniamkua, ungeniuliza habari za Singida, na siku moja ungenitolea lile kopo ukaniambia, mwanangu wewe unasoma Kiingereza, hebu nisomee hiki. Ingechukua dakika moja. Ungeshika sahani ya sakramenti kwa miaka ishirini. Umekufa ukiamini wewe ni mjukuu wa mwizi, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Sitajidai kwamba haliumi.

Acha nikupe yaliyobaki, maana nadhani ungetaka kuyasikia.

Yule mzee wa Kizungu alikuja Jumatatu na Ambokile. Mtu mpole, miguu mibaya, alitembea na fimbo kama wewe. Ni baharia mstaafu wa huko kwao. Nilimfasiria. Aliitazama medali kwa kioo cha kukuzia akasema ni kweli, kila mtu aliyekuwa melini katika vita vile vya kuwaondoa wauza watumwa alipewa yake, na jina lake likachongwa ukingoni ili lisije likapotea. Meli zenyewe ziliendeshwa kwa kuni. Mchochea moto alikaa chini kabisa, kwenye jiko la mvuke, anasukuma magogo kutwa, na wote waliofanya kazi ile walitoka na mikono iliyoungua. Nikamtajia yale makovu ya babu. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikamwambia na habari za kibaraza na mchanga wa kila Jumamosi. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema mabaharia wote wanafanya hivyo, wanasugua sitaha kwa mchanga, na yeye mwenyewe mke wake anamlalamikia, amestaafu zamani lakini hawezi kuiona sakafu akaiacha. Nikamtajia na kule kuita kuni usingizini. Alikunja utepe ule uliobaki, nyuzi zake tatu, akaturudishia kila kitu mezani.

Sasa namwona babu yako vizuri. Si jambazi. Kijana wa vyungu aliyechukuliwa kazi kwa sababu ana mikono yenye nguvu, akaungua, akaona watu waliofungwa minyororo, na labda akaona mambo ambayo hakutaka kuyarudia mdomoni. Akarudi kwao. Akakuta wameshamlilia. Akafanya usafi wa baharia kwenye kibaraza cha udongo kwa sababu ndio usafi aliofundishwa, na majirani wakaona damu. Kwa nini hakujitetea sijui. Labda alisema na hawakumwamini. Labda naye alikuwa anasubiri aulizwe.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alitangaza mbele ya washarika. Aliomba msamaha kwa niaba ya baba zao na akakutaja wewe, akasema walikuita mara tatu na wewe mara tatu ukakataa kwa uchungu usiokuhusu. Mama alisimama akiwa ameshika medali. Baba Mdogo naye sasa huwezi kumzuia kusimulia. Kila siku anaongeza kidogo. Nilipomsikia mara ya mwisho babu yenu alikuwa anaendesha meli peke yake. Namwacha. Amekaa kimya miaka themanini.

Nilimwandikia fundi jina la kuweka kwenye saruji ya kaburi lako. Yule mtoto wa dirishani ndiye fundi. Nilipomkabidhi karatasi alisoma, akanitazama, akasema, "Mwalimu, kumbe unajua kuliandika." Tulicheka wote wawili, halafu nikalia.

Nina ahadi kwako. Lusajo wetu, mdogo wake Tumpe, anaoa baada ya mavuno. Binti ni wa Tanga, mpole, ananiogopa kidogo. Ambokile atakuwa baba mkwe, na tayari ameanza kukohoa kabla ya kuingia mlangoni. Siku ya kwanza nitamkalisha binti huyo jikoni kama nilivyokalishwa, lakini sitampa sheria peke yake. Nitamwambia kila sheria inafunguliwaje. Nitamweleza habari za babu yako na za aibu yetu, na nyingine tulizonazo, maana tunazo. Asije akaishi nasi miaka thelathini ameshika mkononi kitu tunachokitafuta, na hakuna aliyemwambia kuwa tunakitafuta.

Mama ameamka, ananiita. Anataka nimsomee hiki nilichoandika. Nitamsomea chote, na pale penye jina lako sitaruka.

Kwaheri, Baba Kasebele.

Mimi binti yako,
Mariamu